Vyumba Vinne, Bei Nne

Mtu akiuza mapazia ya mitumba kwa miaka kumi na sita, hufika mahali akaweza kukadiria madirisha ya mteja kwa kumtazama viatu. Mwanamke huyu alikuwa amefika hapo na kupapita. Sokoni walimwita Bei ya Mwisho, kwa kuwa hayo ndiyo maneno yaliyomtoka mdomoni kuliko mengine yote, na kila aliyewahi kununua kwake alijua kwamba nyuma ya bei ya mwisho ya kwanza kulikuwa na bei ya mwisho ya pili, na mwenye miguu ya kusimama aliikuta ya tatu.

Kwa mapazia hayohayo alijenga nyumba. Hakuijenga kwa mkupuo, aliijenga kama mtu anayekula muwa, pingili kwa pingili. Mwaka mmoja msingi, mwaka mwingine kuta hadi usawa wa madirisha, halafu miaka miwili ya kutazamana na majani yaliyoota ndani ya vyumba. Ilipofika zamu ya paa, mfuko ulikuwa umekauka, akaenda ushirika wa akiba na mikopo. Walimpa. Akatakiwa kurudisha elfu mia na themanini kila mwezi kwa miaka mitatu, na kibanda chake cha sokoni kikaandikwa dhamana. Akikosa miezi miwili mfululizo, kibanda kinaondoka, naye atabaki akiuza mapazia juani huku ameyaning'iniza mabegani.

Alitia sahihi palepale. Vyumba vinne vilivyojaa vingelipa deni hilo vyenyewe na kubakiza cha kununulia rangi.

Vilikuwa vyumba vinne vinavyotazama ua mmoja, bomba moja katikati. Cha kwanza kilikuwa karibu na geti, na ng'ambo ya ukuta wake palikuwa na karakana ya seremala ambaye msumeno wake ulianza kulia saa mbili asubuhi na kunyamaza jioni. Cha pili kilikuwa na nguzo katikati. Fundi mwashi alikosea hesabu ya boriti, akasimamisha nguzo mahali ambapo mtu mwenye akili angeweka kitanda, kisha akajaribu kuliuza kosa lake.

"Mama, hilo ni pambo," alisema.

"Na mimi pambo nitakukata kwenye malipo," alijibiwa, na akakatwa.

Cha tatu ndicho kilichokuwa na sura, madirisha mawili, mwanga pande zote. Cha nne kilipakana na choo, kilikuwa na giza, lakini kimya kama ghala. Mwenye nyumba alivipenda vyote, hata cha nguzo. Siku ya kuvifungia milango alipita kwenye kila kimoja akagonga ukuta kwa kiganja, kama mtu anavyopima tikiti maji, na kila ukuta ulimjibu vizuri.

Kuuza alijua. Kupangisha hakujua, na hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni mambo mawili.

Mpangaji wa kwanza alikuwa mlinzi wa benki, mtu mrefu mpole, anayelinda usiku na kulala mchana. Akatajiwa elfu sitini, akavutana hadi hamsini, akapewa chumba cha getini. Wa pili alikuwa fundi wa simu, kijana mwenye ulimi mwepesi. Walianza asubuhi, wakakatizwa na chakula cha mchana, wakamalizana alasiri kwenye hamsini na tano, chumba cha chooni. Kisha akaja muuza mayai.

Huyo alikuwa mwanamke mwenye mikono mipana na sauti ya kufika mtaa wa pili. Siku ya kwanza alikagua madirisha mawili akasema mengi mno, yataingiza wezi. Siku ya pili aligeuza ndoo, akaikalia katikati ya ua na kutangaza kwamba hana haraka, mayai yake yamekwisha. Alimkalia mwenye nyumba kooni tangu asubuhi mpaka kivuli cha ukuta kikahama. Bei ya Mwisho aliteremka ngazi zake zote moja baada ya nyingine, na ukweli ni kwamba aliteremka akiwa na furaha, kama mcheza bao aliyechoka kufunga watoto akapata mtu wa kumtoa jasho. Walipeana mikono kwenye arobaini. Chumba kizuri kuliko vyote kikaenda kwa arobaini.

Wa mwisho alikuwa mwalimu wa chekechea. Kilikuwa kimebaki chumba cha nguzo. Mwenye nyumba alipanga kumpa kwa hamsini na tano, kwa hiyo akataja sabini, ili wapate nafasi ya kuzungumza.

"Sawa, mama," mwalimu alisema, akafungua mkoba.

Bei ya Mwisho alizipokea fedha zile, na siku nzima akawa kama mtu aliyemeza tonge bila kutafuna. Alitaka kumpunguzia. Lakini kwa kanuni za sokoni, ukimpunguzia mtu ambaye hajaomba, anaanza kuitafuta kasoro ya kitu, na kasoro yenyewe ilikuwa imesimama katikati ya chumba, nene kama paja. Akanyamaza.

Jumla ikawa elfu mia mbili na kumi na tano. Mwezi wa kwanza alilipa ushirika, ikabaki thelathini na tano. Alinunua debe la rangi akarudi nyumbani akilibeba kichwani mwenyewe, ingawa vijana wa mikokoteni walikuwapo.

Hesabu hiyo ilidumu miezi miwili. Iliharibikia kwenye bomba, Jumamosi moja asubuhi, siku ya kufua.

Mwalimu alikuwa anasuuza nguo za kazini. Muuza mayai alikuwa anaosha trei zake, na kama kawaida yake alikuwa anapiga hadithi kwa sauti ya mnada. Fundi wa simu alikuwa amechutama pembeni akipiga mswaki.

"Nyie mnamwogopa bure huyu mama," muuza mayai alisema. "Mimi nilimkalia siku mbili. Alianza kwa sabini huko, nikamshusha, nikamshusha, mpaka akatua arobaini. Alipotua mwenyewe akacheka."

Mwalimu aliacha mikono ndani ya povu. "Arobaini nini?"

"Arobaini elfu. Chumba changu. Kwani wewe unalipa ngapi, mwalimu?"

Fundi wa simu alitema povu la dawa ya meno. "Wewe arobaini? Cha madirisha mawili? Mimi hapa hamsini na tano, nachomelea simu kwa tochi mchana kweupe."

"Wewe ulivutana robo siku tu, ulitegemea nini?"

"Mwalimu," fundi akauliza, "na wewe?"

"Sabini," mwalimu alisema, na akaendelea kusuuza nguo ileile iliyokuwa imekwisha takata.

Msumeno wa seremala ulikuwa unalia ng'ambo ya ukuta. Mlinzi alifungua mlango, macho mekundu ya mtu aliyelala saa moja tu. "Nimesikia sabini," alisema. "Nani anauziwa nini?"

Jumatatu watatu wakafika kibandani, mwalimu, fundi na mlinzi. Mwalimu ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililomtisha mwenye nyumba. Mteja anayefoka bado anataka kununua.

"Mama, hatujaja kugombana. Sisi sote tunataka arobaini, kama mwenzetu. Vinginevyo mwisho wa mwezi tunahama. Nyumba tumeshaziona."

"Bei mlikubali wenyewe."

"Tulikubali tukiwa hatujuani."

Walipoondoka alibaki ameshika pazia la maua, anakunja, anakunjua. Arobaini mara nne ni mia na sitini. Ushirika wanataka mia na themanini. Watatu wakihama, atabaki na arobaini moja, na baada ya miezi miwili ya namna hiyo kibanda si chake. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Alimwendea kaka yake, mwenye vyumba kumi na viwili mtaa wa juu na kitambi cha mtu asiyebishana na wapangaji. Kaka alimsikiliza akijichokonoa meno.

"Fukuza wote, anza upya. Mpangaji akishajua bei ya mwenzake ameharibika huyo. Nilikwambia tangu mwanzo nyumba si kazi yako. Niuzie, nikupe bei ya ndugu."

"Bei ya ndugu ndiyo ipi, kaka?"

Akaitaja, haikufika hata nusu ya alichotumia kujenga. Dada yake alicheka, tena cheko la kweli, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Anayeshusha hivyo anaijua thamani yake," alisema, akaaga.

Njiani aliliona kosa lake lilivyo. Pazia likishanunuliwa linaingia mfukoni na kwenda zake. Aliyelipa elfu tano na aliyelipa elfu tatu hawatakutana kwenye bomba Jumamosi. Unaweza kumchuna huyu, ukamdekeza yule, jioni ukahesabu wastani ukalala. Vyumba haviendi kokote. Vimeketi vikitazamana, na wenyewe wanasalimiana asubuhi. Yeye alikuwa ameuza pazia moja kwa watu wanne kwa bei nne, kisha akawafungia ndani ya geti moja.

Na bei moja kwa wote pia isingefaa. Mwenye nguzo alipe sawa na mwenye madirisha mawili? Wangekubali wiki mbili, kisha nguzo ingeanza kusema.

Ufumbuzi ulimjia Alhamisi, wakati wa kufungua robota la mitumba. Robota likiwa ghali, yeye na jirani yake wa kibanda cha mashuka hulinunua kwa kuchangiana. Likishakatwa kamba, mmoja hugawa mzigo mafungu mawili, na mwenzake ndiye huchagua kwanza. Hakuna anayehitaji kuapa. Anayegawa akipendelea fungu moja, analipoteza. Kwa hiyo hugawa kwa jicho kali, anatoa shuka hili huku, anarudisha foronya ile kule, mpaka hata yeye mwenyewe hajui alitakalo. Zamu ile ilikuwa yake kugawa. Alikuwa ameinama na mashuka mikononi akasimama ghafla, jirani akadhani mgongo umemshika.

"Vipi, mwenzangu?"

"Hakuna kitu. Chagua fungu lako upesi, nina kazi."

Jumamosi, saa kumi jioni, aliwakusanya wote wanne uani. Mlinzi alikuwa tayari na sare yake. Muuza mayai aliikalia ndoo yake ileile, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

"Mimi nilikosea," mwenye nyumba alisema. Maneno hayo hayakuwa na mazoea ya kutoka kinywani mwake, yalitoka yakikwaruza. "Niliwauzia kila mtu kivyake. Sasa nawaambia jumla. Nyumba nzima ni elfu mia mbili na kumi na tano kwa mwezi. Ndiyo mnayolipa sasa mkijumlisha. Sipandishi, sishushi. Kila chumba kiwe shilingi ngapi, mtapanga nyinyi."

"Tupange vipi? Tutauana hapa," fundi wa simu alisema.

"Hamtauana. Mwalimu atagawa. Ataandika bei ya kila chumba, zifike jumla hiyo. Mkimaliza kuzisoma, kila mtu anachagua chumba anachotaka kwa bei iliyoandikwa, hata kama si anachokaa leo. Anaanza mlinzi, alikuja wa kwanza. Anafuata fundi, anafuata mama mayai. Mwalimu anachukua kitakachobaki."

Mwalimu aliinua macho. "Mimi wa mwisho?"

"Wewe wa mwisho. Kwa hiyo gawa ukijua unaweza kubaki na chochote."

Mwalimu wa chekechea si mtu wa kuvutana bei, lakini kugawa ndiyo kazi yake. Hukata andazi moja mbele ya watoto sita wanaokitazama kisu. Alizunguka vyumba vyote, akaomba radhi kila mlangoni kabla ya kuingia. Alisimama kwenye chumba cha getini akausikiliza msumeno. Alikaa kwenye giza la chumba cha chooni. Kisha akatoa chaki mkobani, akaandika kwenye saruji ya ua. Madirisha mawili, sitini na tano. Getini, hamsini na tano. Chooni, hamsini. Nguzo, arobaini na tano. Alijumlisha, akafuta vumbi la mikono.

Muuza mayai alisimama, ndoo ikaanguka. "Sitini na tano? Chumba changu? Mwalimu, hapo ndipo unanilipizia."

"Hujalazimishwa kukichukua," mwenye nyumba alisema. "Mlinzi, chagua."

Mlinzi hakufikiri sana. "Chooni. Pale kuna kimya na kuna giza. Miezi mitatu sijalala kwa ajili ya yule seremala. Harufu nitaizoea, msumeno sikuuzoea."

"Fundi."

Fundi wa simu aliyakodolea macho madirisha mawili, midomo ikihesabu. "Ni kumi juu ya ninayolipa. Lakini betri za tochi zinakula karibu hizo, na juzi nilichoma simu ya mteja kwa kutoona. Nachukua mwanga."

"Unachukua chumba changu," muuza mayai alisema.

"Kilikuwa chako kwa arobaini, mama. Kwa sitini na tano bado unakitaka?"

Muuza mayai alimgeukia mwenye nyumba. Vilikuwa vimebaki viwili, getini na nguzo. Akavuta pumzi, sauti yake ikalainika, na wote walijua kinachokuja.

"Dada yangu, sisi tunajuana. Hicho cha nguzo, fanya arobaini. Mimi sihangaishi mtu, nalipa tarehe moja. Arobaini na mbili basi, nihamie sasa hivi."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Ulimi wa Bei ya Mwisho ulikuwa umekwisha kunyanyuka wenyewe. Miaka kumi na sita ilikuwa inamsukuma kusema arobaini na nne, halafu tatu na nusu, halafu wacheke washikane mikono. Na alijua kwamba akiteremka shilingi moja tu, wale watatu wataondoka mwisho wa mwezi na kibanda kitawafuata. 

"Bei si yangu," alisema. "Muulize mwalimu."

Muuza mayai akamgeukia mwalimu kwa tabasamu pana, kama mtu aliyeelekezwa kwa mnunuzi laini. "Mwalimu wangu, unasikia. Arobaini na mbili."

Mwalimu alichuchumaa, akashika chaki. "Sawa. Nikifuta tano nikaandika mbili, zinabaki elfu tatu hazina mwenyewe. Nimwongezee nani?" Alimwonyesha mlinzi. "Huyu?" Akamwonyesha fundi. "Au huyu? Au mimi, niliyelipa sabini? Taja wewe mtu, mimi naandika."

Muuza mayai alimtazama mlinzi, na mlinzi alimtazama yeye, bila ubaya, kwa macho yake mekundu. Alimtazama fundi, ambaye humchajia simu bure kila jioni. Kumkaba mwenye nyumba ni ujuzi. Hawa walikuwa watu anaochota nao maji. Akafungua mdomo, akaufunga, na pengine tangu azaliwe ilikuwa mara ya kwanza kuonekana umefungwa na mwenyewe.

"Mwalimu mbaya wewe," hatimaye alisema, na kicheko kikaanza kumtikisa mabega. "Watoto wa watu wanapata shida huko. Haya, arobaini na tano. Trei zangu nitazifungia kwenye nguzo, hazitaanguka tena. Na bado mimi ndiye nalipa kidogo kuliko nyote, andikeni hilo."

Kikabaki cha getini, hamsini na tano. Mwalimu alisema kinamfaa, seremala anapofanya kazi yeye yuko shuleni, na jioni wote wawili huwa wamenyamaza. Alikuwa ameshuka elfu kumi na tano bila kuvutana hata neno moja.

Walihama jioni ileile, wote wanne kwa pamoja, maana hakuna aliyeweza kuingia kabla mwingine hajatoka. Vitanda vilikutana katikati ya ua vikakwama. Muuza mayai alitoa amri kwa sauti ya kusimamisha gari. Mlinzi alibeba godoro la mwalimu, mwalimu akabeba trei za mayai, moja moja, mikono miwili, hakupasua hata yai. Fundi wa simu aliweka meza yake chini ya dirisha, akawasha chuma chake cha kuchomelea, kisha akakizima na kukaa tu akiangalia mwanga mezani.

Mwenye nyumba hakubeba kitu. Alisimama karibu na bomba, mikono kiunoni, asitake kuwazuia wala kuwasaidia. Milango yake minne ilikuwa wazi kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja uliokuwa wazi kwa sababu mtu anahama nyumba. Alisikia kifua kinampanuka. Alikuwa ameuza vitu vingi maishani mwake kwa maneno. Kitu hiki amekiuza kwa kunyamaza, na kilikuwa kikubwa kuliko vyote.

Mwisho wa mwezi walilipa wote, siku moja. Alizichukua mia na themanini akazipeleka ushirika, akapanga foleni nyuma ya watu saba. Karani alizihesabu, akagonga muhuri, akasukuma stakabadhi bila kuinua kichwa.

Yeye hakuondoka. Karani akasubiri, watu wa nyuma wakakohoa, mwishowe kichwa kikainuka.

"Kuna tatizo, mama?"

"Hakuna. Nilitaka tu umwone mwenye nyumba uso kwa uso," alisema, akaikunja stakabadhi mara nne, akaenda kufungua kibanda.